Ndevu Ndani ya Maski

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Ndevu, basi. Mteja akifika na gari lililokwaruzwa na lango, alisimama mlangoni akauliza, "Ndevu yupo?" na akiambiwa hayupo aliwasha gari akaondoka zake. Hawakufanya hivyo bure, maana mtu yule rangi alikuwa anaijua. Ukimletea gari jeupe lililobadilishwa mlango mmoja, aliupuliza mlango ule, na kesho yake mwenye gari alizunguka mara tatu akitafuta ni upi. Nyeupe, kama hujui, ndiyo rangi ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mtu anadhani ni rahisi.

Ndevu zenyewe zilikuwa za kutosha. Zilianzia masikioni zikashuka mpaka kwenye kifungo cha pili cha shati. Mfukoni alikuwa na kitana kidogo na kikopo cha mafuta ya mgando. Alizichana asubuhi kabla ya kazi, mchana baada ya kula, na kila alipotaka kusema jambo la maana. Akipewa rangi ya kulinganisha, alizishika ndevu kwanza, akazivuta taratibu kwenda chini, na mteja alitulia akaamini kwamba hapo kuna akili inafanya kazi. Mara nyingi ilikuwa inafanya kweli. Mara nyingine alikuwa anawaza chakula.

Watu hufuga ndevu kwa sababu za kueleweka: dini, nadhiri, kovu, uvivu. Yeye hakuwa na hata moja kati ya hizo. Sababu yake ilikuwa kidevu. Muumba alimpa paji la uso zuri, pua nzuri, midomo isiyo na kasoro, halafu alipofika chini ikawa kama ameitwa mahali. Uso wake ulitoka mdomoni ukaingia shingoni moja kwa moja. Shuleni walimwita Kuku, si kwa mwaka mmoja bali kwa miaka yote. Mwalimu wa hesabu alijisahau siku moja akamwita hivyo ubaoni, darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Alipofika umri wa miaka ishirini na miwili ndevu zikakolea, akaziacha, na alipohamia mji mwingine kutafuta kazi, Kuku alibaki huko nyuma. Alioa akiwa nazo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, watoto watatu, na mkewe alikuwa hajawahi kuona uso wa mumewe unaishia wapi.

Zamani mafundi wale walipuliza rangi wakiwa wamejifunga kitambaa usoni. Baadaye zikaja barakoa za karatasi, zile za vumbi. Kisha mwenye gereji, mtu mnene mpole aliyependa vitu vipya, akajenga chumba cha rangi chenye feni na taa kali, akaanza kununua rangi za kuchanganywa na hadna, dawa ya kugandisha, zile zinazokauka zikawa ngumu na kung'aa. Pamoja nazo akaleta maski za mpira zenye vichujio viwili vya mviringo mashavuni. Siku ya kuzigawa aliwakusanya wote.

"Hii hadna si ya kuchezea," aliwaambia. "Ikikuingia kifuani inakaa. Kila mtu na maski yake, na maski inataka uso mtupu. Tumeelewana?"

Wengine waliitikia. Ndevu alisikia maneno yale mawili, uso mtupu, na masikio yakamwaka moto.

Akaja na ufundi wake mwenyewe. Alichota mafuta ya mgando vidole viwili vizima, akayasugua kwenye ndevu, akazichana mpaka zikalala, kisha akabandika maski juu yake na kukaza mikanda mpaka macho yakamtoka. "Mafuta yanaziba," akawaeleza wenzake. "Mmeona wapi hewa inapita kwenye mafuta?" Wakaamini, kwa kuwa aliyesema ni Ndevu. Sisi watu tuna ugonjwa huo: mtu akijua jambo moja kweli kweli, tunamkabidhi na mengine yote.

Lakini yeye hakuwa amejidanganya, na hapo ndipo penye aibu. Kila jioni alipovua maski alijitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari lililokuwa karibu. Ndevu zilizokuwa ndani ya maski, zile zilizopaswa kuwa zimehifadhika kabisa, zilikuwa na rangi ya gari alilopuliza siku hiyo. Unga mwembamba, mwekundu au wa fedha, umetulia juu ya mafuta. Na rangi ikifika kwenye sharubu, puani imeshafika. Alijifuta upesi kwa kitambaa chenye thina ya kuyeyushia rangi, akachana, akatoka. Siku moja wenzake walimkuta hajafuta, akiwa ametoka kupuliza gari la fedha. "Umri huo, wazee," akasema, "mvi zimeingia." Wakacheka mpaka wakashika magari. Usiku ule alikohoa mara mbili tatu, akajiambia ni vumbi la msasa.

Aliyecheka kuliko wote siku ile alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, mwenye mke na mtoto wa kike aliyekuwa bado mchanga. Ndevu ndiye aliyemleta gereji miaka sita nyuma. Alimfundisha msasa, akamfundisha puti, akamfundisha kushika bunduki ya rangi kwa kiwiko kilicholegea. Shemeji alikuwa na mkono wa ufundi. Siku alipopuliza boneti lake la kwanza bila tone hata moja kuchuruzika, Ndevu alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mdogo wako atanipita," na akaona raha kusema hivyo.

Shemeji naye alimpenda, na kwa kumpenda akaiga kila kitu: namna ya kusimama mbele ya gari, namna ya kuguna kabla ya kumjibu mteja, na mwisho ndevu. Za kwake ziliota kwa mafungu mafungu kama nyasi za uwanja wa mpira, lakini hakujali. Alizipaka mafuta ya mgando na kuvaa maski juu yake kama alivyoonyeshwa. Kidevu chake yeye, haki ya mtu isemwe, kilikuwa kizuri tu.

Kisha akaja mpimaji. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani na sanduku la bluu, na kazi yake ilikuwa kupita viwandani na kwenye magereji kuangalia kama maski za watu zinaziba. Aliwapanga mafundi kwenye benchi mbele ya ofisi, saa nne asubuhi, akawapima mmoja mmoja. Alipomfikia Ndevu akafunga daftari.

"Wewe sikupimi, baba. Kanyoe kwanza, nitarudi wiki ijayo."

"Mimi napaka mafuta, mama. Yanaziba."

"Hayazibi. Hewa inapita katikati ya nywele. Mafuta yanakudanganya tu."

Benchi lote lilikuwa linasikiliza. Mwisho wa benchi alikaa shemeji, na mfukoni alikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Ndevu alijua, kwa sababu walikuja pamoja asubuhi ile na shemeji alimwonyesha njiani. "Wakisema tunyoe, mimi nanyoa palepale bombani," alisema. "Si zitaota tena?"

"Nipime hivi hivi," Ndevu akamwambia mpimaji. "Nikishindwa nanyoa hapa hapa, mbele ya wote."

Mafundi wakapiga makofi. Mama yule akamtazama mwenye gereji, mwenye gereji akainua mabega, naye akakubali. Nadhani mama yule mpaka leo hajajisamehe.

Kwanza alimvika kichwani mfuko mpana wa plastiki wenye tundu mbele, akampulizia mvuke wa dawa chungu kutoka kwenye kichupa bila maski, ili ajue kama ulimi wake unafanya kazi. Uchungu ukamjaa mdomoni kama kidonge kilichokwama kooni. "Nasikia," akasema. Akasukutua kwa maji, wakasubiri robo saa, kisha akapaka mafuta yake, akavaa maski, na mfuko ukarudi kichwani.

"Sasa hesabu kwa sauti mpaka sitini, huku unageuza kichwa kushoto na kulia," mpimaji akamwagiza. "Ukisikia uchungu, hata kidogo, nyoosha mkono."

Akaanza. Moja, mbili, tatu, sauti inatoka ndani ya mpira. Mama anabinya kichupa. Kumi, kumi na moja. Kwenye kumi na saba uchungu ukaja, nyuma ya ulimi, mwembamba kwanza, kisha ukatanda mdomo mzima. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Aliutazama. Akaliona bomba la maji, akauona wembe, akawaona wenzake wamemzunguka na uso wake ukitokeza chini ya povu, na shemeji yake, aliyemwona yeye Ndevu kuwa mtu wa maana kuliko wote mjini, akiutazama. Kumi na nane, akasema. Kumi na tisa. Alifika sitini na mkono uko palepale.

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia."

"Nakuuliza tena, baba. Mimi siwezi kuingia mdomoni mwako. Kipimo hiki kinategemea useme kweli."

"Sikusikia kitu, mama."

Akaandika. Wenzake wakashangilia, mmoja akamwinua mkono juu kama bondia. Ndevu alimeza mate, na mate yale yalikuwa machungu. Shemeji alikuja akampiga bega huku akicheka, akautupa wembe wake kwenye pipa la takataka. Kisha akaketi yeye kwenye kiti cha kupimwa, na mpimaji, baada ya yaliyotokea, hakuwa na sababu ya kumkatalia huyu mwenye ndevu za kuhesabika. Naye akahesabu mpaka sitini. Ndevu hakuangalia. Alikuwa amekwenda nyuma ya lori bovu kusukutua.

Kikohozi cha shemeji kilianza baada ya miezi kadhaa. Kilikuja jioni baada ya kazi, na siku za mapumziko kilimwachia, kwa hiyo nyumbani wakasema ni mafua. Baadaye kifua kikaanza kupiga filimbi. Kisha Alhamisi moja, akiwa hata hajaingia chumba cha rangi, akiwa nje tu anafungua kopo la hadna, pumzi ilimkatika. Alishika pipa, akapiga magoti, midomo ikabadilika rangi. Ndevu ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari.

Hospitali daktari alieleza bila kuzunguka. Mwili wake umeikataa hadna. Mwingine huvuta miaka asiugue, mwingine mwili hukataa mapema, na ukishakataa, harufu kidogo tu inatosha kuufunga mfereji wa hewa. Kazi ya kupuliza rangi imeisha. Shemeji akauliza kama ni kwa mwezi au miwili. "Imeisha," daktari akarudia, na akaandika dawa ya kuvuta.

Wiki iliyofuata mwenye gereji aliwaita wote wawili ofisini, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya mgonjwa. Alikuwa na karatasi ya mpimaji mezani.

"Mimi sikasiriki, nataka kuelewa tu," alimwambia shemeji. "Hapa imeandikwa maski yako inaziba. Mwenzako huyu ana maski kama yako, ndevu mara tatu ya zako, na haumwi. Kwa hiyo wewe ulikuwa unaivua mle ndani. Au nasema uongo?"

Shemeji akainamisha kichwa. "Labda kuna siku niliilegeza, bosi," akajibu kwa ile sauti yake mpya ya filimbi. "Sikumbuki vizuri."

Ndevu alikuwa amesimama karibu na mlango. Mdomo alikuwa nao. Alichofanya nao ni kusema, "Bosi, mgonjwa amechoka, tumwache akapumzike," na kwa hatua kama kumi kutoka pale ofisini mpaka uani alijiona mtu mwema.

Nyumbani mkewe ndiye aliyemmaliza, bila kujua. Alikuwa anakunja nguo za watoto, na hasira zake zilikuwa kwenye mikono. "Huyu mdogo wangu ni mzembe tangu utotoni," alisema. "Kuvua maski kwenye sumu! Nimemwambia leo, nimempa maneno yake yote. Wewe ulikuwa hujui kama anavua?"

"Sikumwona akivua," Ndevu akajibu. Ni kweli, hakumwona. Kweli ile ilimkaa mdomoni vibaya kuliko ule uongo wa kwanza.

Kwa siku tatu kazi ilimgomea. Alipuliza milango miwili, na yote miwili ilichuruzika, jambo ambalo halijatokea tangu gari la kwanza. Alikuwa akifumba macho anamwona shemeji ameinamisha kichwa ofisini akikubali kosa ambalo hakulifanya, na mbele yake yeye mwenyewe, mzima wa afya, na kitana mfukoni. Alijichukia. Si kwa namna ya watu wanaosema wamejichukia halafu wakalala vizuri. Alijichukia mpaka akashindwa kujitazama kwenye vile vioo vya pembeni.

Jumapili asubuhi akaenda kwa kinyozi.

"Nipunguze kidogo kama kawaida?" kinyozi akauliza.

"Toa."

"Zote?"

"Zote."

"Mzee, kwema lakini?"

"Toa ndevu, bwana."

Kinyozi yule alikuwa hodari wa maneno. Alianza na habari za mpira, akaingia kwenye habari za majirani, mashine inanguruma, ndevu zinaanguka mapajani mafungu kwa mafungu. Alipofika kidevuni akanyamaza. Alimaliza kazi yake, akampaka poda, na hata kioo hakumpa.

Ndevu hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji, na njiani alipishana na mteja wake wa miaka mingi aliyempita bila salamu. Upepo ulimpiga mahali ambapo haujampiga kwa zaidi ya miaka ishirini. Kichwani alikuwa amepanga maneno yake vizuri, mwanzo, katikati na mwisho.

Shemeji aliishi kwenye vyumba viwili karibu na bomba la mtaa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni kutafuta hewa, dawa yake ya kuvuta iko juu ya dirisha, mtoto anatambaa kwenye mkeka. Mkewe alikuwa bombani. Shemeji alimtazama mgeni anayekuja, akajiandaa kumsalimu kama mgeni, mpaka mgeni alipofungua mdomo.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Shemeji?" Akakaza macho. "Ni wewe? Mbona umenyoa?" Kisha uso wake ukabadilika, akaonekana kama mtu aliyefumaniwa. "Umenyoa kwa sababu yangu. Kaa, shemeji. Kaa hapo, maana kuna jambo linanikaba kuliko hiki kifua."

Ndevu akaketi kwenye kigoda, mgongo kwa mwanga.

"Siku ile ya mama wa miwani," shemeji akaanza, akapumua, "mimi uchungu niliusikia. Ulinijia kwenye ishirini na mbili. Nikasema nikinyoosha mkono hapa nitamwaibisha shemeji. Watasema yeye anajua kupaka, mimi sijui. Au watasema mafuta yake ni maneno tu. Nikaendelea kuhesabu." Akapumua tena. "Kwa hiyo haya niliyataka mwenyewe. Ulinifundisha vizuri, mimi nikadanganya. Naomba unisamehe, na dada usimwambie, alishanisema vya kutosha."

Mwanzo, katikati na mwisho vikayeyuka. Fikiria: mtu amekaa mbele yako, pumzi zake za kuhesabu, anakuomba msamaha kwa kosa lako. Na mlango wa kutokea uko wazi kabisa. Ndevu alikuwa na maneno tayari ulimini, mazuri, ya kishemeji: yamepita, pona kwanza, mtoto akue. Angeyasema, angekunywa chai, angeondoka akiwa amesamehe. Aibu ya kwamba aliyafikiria hayo ndiyo iliyomfungua kinywa.

"Mimi ulinijia kwenye kumi na saba," akasema.

"Kumi na saba nini?"

"Uchungu. Niliusikia. Nikaendelea kuhesabu." Akasogea mbele kwenye kigoda. "Na hata kabla ya siku ile nilikuwa najua. Kila jioni nilikuta rangi ndani ya ndevu. Zile mvi za fedha mlizocheka, ilikuwa rangi. Mafuta hayazibi, shemeji. Nilijua hayazibi, nikakufundisha. Leo namwambia dada yako, na kesho nitasema ofisini mbele ya wote."

Shemeji alinyoosha mkono dirishani, akachukua dawa, akavuta mara mbili, akaishikilia. Mtoto alifika miguuni mwa mume wa shangazi yake, ambaye hakumtambua bila ndevu, akashika suruali yake, akajaribu kusimama. Bombani ndoo ilikuwa inajaa.

"Kwa nini?" shemeji akauliza.

Jibu lilikuwa moja tu na halikuwa na maneno. Ndevu aligeuka kwenye kigoda akaupeleka uso wake kwenye mwanga wa jua, akatulia. Shemeji akautazama, kuanzia paji, akashuka puani, mdomoni, mpaka chini kidevuni, akakaa hapo kwa muda mrefu. Hakucheka. Ingekuwa heri angecheka.

"Kumbe ni hicho tu," akasema.

Mkono wa Ndevu ulipanda wenyewe kutafuta kitu cha kushika, ukakuta ngozi. Akaushusha, ukatua gotini, palepale ulipokuwa siku ile ya kupimwa.